Marhamu Kabla ya Kisu

Saratani ya ngozi ina rehema moja ambayo saratani nyingine nyingi hazina, nayo ni kuota mahali panapoonekana. Haijifichi ndani ya ini, wala haijibanzi nyuma ya mfupa ikangoja mpaka mwili ukonde ndipo ijitangaze. Hutokea usoni, shingoni, mgongoni mwa kiganja au wayoni, ikaonwa na mwenyewe, na jamaa zake wa nyumbani, na hata na mpita njia aliyesimama kuuliza hali. Kwa sababu hiyo ingetarajiwa kuwa ndiyo saratani inayotibiwa mapema kuliko zote. Walakini sivyo ilivyo. Wengi hufika kwa tabibu wakiwa wamechelewa, na katika sababu zinazowachelewesha, kama vile umbali wa hospitali, uhaba wa nauli na tumaini la kuwa donda litafunga lenyewe, imo moja ambayo haitajwi sana kwa kuwa mtu mzima huona haya kuikiri, nayo ni hofu ya kisu. Sura hii ni ya hofu hiyo na ya dawa zilizotafutwa ili kuiondolea sababu yake. Na nia yangu ni kuonyesha kwamba kumwondolea mgonjwa uchungu si ihsani anayotendewa juu ya tiba, bali ni sehemu ya tiba yenyewe, tena sehemu inayodai kitu ambacho hospitali nyingi huona taabu kukitoa hata pale dawa ipo, nacho ni muda.

Yafaa kwanza tujue kisu chenyewe huenda kufanya nini. Saratani za ngozi zilizo mashuhuri ni tatu. Ya kwanza huanza katika seli za chini kabisa za ngozi ya juu. Hukua polepole, na ni nadra sana kusafiri mwilini, ingawa ikiachwa hula pua au kope pasipo huruma. Ya pili huanza katika seli bapa zilizo juu ya hizo. Hutoa kidonda chenye ukingo mgumu kisichokubali kupona, na ikipewa nafasi huenda mpaka kwenye matezi ya shingo. Ya tatu ni melanoma, izaliwayo na seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, nayo ndiyo kali kuliko zote. Miongoni mwa watu weupe wa Ulaya, Marekani na Australia, chanzo chake aghalabu ni jua. Kwa watu weusi melanoma huchagua zaidi wayo na chini ya kucha. Na kwa watu wenye ualbino wa Afrika Mashariki, ambao ngozi yao imenyimwa rangi ya kuwakinga, ile ya seli bapa ndiyo adui mkuu, nayo hushambulia hasa kichwa na shingo. Kwa zote hizo tiba iliyo ya kwanza ni kuukata uvimbe pamoja na ukingo wa ngozi nzima inayouzunguka, ili pasibaki hata seli moja ya kurudisha maradhi. Kidonda kidogo hukatwa kwa muda mfupi, pakashonwa, na mgonjwa akarudi kwake siku ile ile kwa miguu yake. Kidonda kikubwa hudai kulazwa wodini, nusu kaputi, na ngozi ya kutolewa pajani kwenda kuziba pengo.

Mkato huo huuma kwa kuwa ngozi imejaa ncha za mishipa ya fahamu, na kazi ya mishipa hiyo ni kupeleka habari. Habari husafiri kwa umeme mdogo, ambao huzaliwa pale chembe za sodiamu zinapoingia ndani ya mshipa kupitia vilango vidogo mno vilivyopangwa katika utando wake; kilango kimoja kikifunguka, umeme wake hukifungua cha jirani, na hivyo hivyo mpaka uti wa mgongo, na kutoka hapo mpaka kwenye ubongo, ndipo mtu aseme ah! Dawa ya ganzi hupenya utando wa mshipa, ikaviziba vilango hivyo kwa ndani, sodiamu isiingie na habari isipite. Haiuui mshipa; huunyamazisha kwa kitambo, kisha damu huichukua dawa kidogo kidogo na mshipa hurejea katika kazi yake. Tena mishipa myembamba ichukuayo uchungu hunyamaza kabla ya ile minene ichukuayo mguso na msukumo. Hili ni jambo kubwa kwa mgonjwa kulijua, kwa maana aliyetiwa ganzi barabara bado atatambua kuwa anaguswa, anasukumwa, na ngozi yake inavutwa, ilhali hahisi makali ya kisu. Asiyeambiwa mapema husikia mvuto wa kwanza, akadhani dawa haikushika, na moyo wake ukaanza kwenda mbio pasipo sababu.

Maarifa haya yalianzia katika jicho. Mwaka 1860 mkemia wa Kijerumani Albert Niemann, katika mji wa Göttingen, alieleza jinsi alivyoitenga kokeini kutoka katika majani ya mkoka, mmea wa milima ya Andes ambao wenyeji wa huko wameutafuna tangu zama za kale, naye akaandika kuwa ikiwekwa ulimini huuacha ulimi na ganzi. Habari hiyo ilikaa vitabuni zaidi ya miaka ishirini bila kugeuza kazi ya wapasuaji. Mwaka 1884, mjini Vienna, tabibu kijana wa macho aliyeitwa Carl Koller, ambaye rafiki yake Sigmund Freud alikuwa akiichunguza kokeini kwa makusudi mengine, alitambua kilichokuwa mbele ya watu wote wasikione. Upasuaji wa jicho ulikuwa mgumu kwa kuwa mgonjwa aliyelazwa kwa etha hukohoa na kutapika azindukapo, na mtikisiko mmoja huweza kuliharibu jicho lililopasuliwa. Koller aliyeyusha kokeini katika maji, akaitia katika jicho la chura na katika macho ya wanyama wengine, akaona likiguswa halikimbii; kisha yeye na mwenzake wakatiana dawa machoni, wakasimama mbele ya kioo, kila mmoja na pini mkononi, wakaugusa uso wa jicho kwa kichwa cha pini. Hawakuhisi kitu. Tarehe 15 Septemba 1884 habari hiyo ilisomwa mbele ya mkutano wa matabibu wa macho huko Heidelberg, tena ilisomwa na mtu mwingine, kwa kuwa Koller hakuwa na fedha za safari.

Lakini ngozi si jicho. Jicho na ulimi vina utando laini wenye maji, unaopokea dawa upesi. Ngozi imefunikwa na tabaka la seli zilizokufa, zikabanana na kugandamana kwa mafuta, ambalo katika sehemu nyingi za mwili unene wake hauzidi sehemu mbili katika mia za milimita moja, nalo hata hivyo hukataa maji na dawa zilizoyeyushwa katika maji, kama makuti yaliyoezekwa barabara yasivyopitisha mvua. Hivyo wapasuaji walioitaka ganzi ya ngozi walilazimika kulitoboa tabaka hilo kwa sindano. William Halsted wa New York alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuidunga kokeini karibu na mishipa ya fahamu, na kwa kuwa yeye na wenzake walijijaribia wenyewe, dawa iliwanasa, nao walilipa gharama kubwa kwa ujasiri wao. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Alfred Einhorn wa Ujerumani alitengeneza prokeini, isiyoleta uraibu ule, na mwenzake wa nchi moja, Heinrich Braun, akaonyesha kuwa adrenalini kidogo ikichanganywa na dawa ya ganzi huibana mishipa ya damu, ikaizuia dawa isichukuliwe upesi, na damu ya mkato ikapungua.

Hatua iliyofuata ilitoka katika shamba la shayiri. Katika miaka ya 1930 huko Stockholm, Hans von Euler-Chelpin alikuwa akichunguza kemia ya aina fulani za shayiri, na mkemia Holger Erdtman akiwa katika kuitengeneza kemikali moja ya mmea huo alipata nyingine iliyofanana nayo. Akaionja, kama ilivyokuwa desturi ya wakemia wa siku zile, na ulimi wake ukafa ganzi. Mkemia mwingine, Nils Löfgren, aliishika kamba hiyo kwa miaka, pamoja na mwanafunzi wake Bengt Lundqvist, ambaye alijidunga mwenyewe dawa walizozitengeneza ili apime nguvu zake. Na mwaka 1943 walipata ile iitwayo leo lidokeini. Iliingia sokoni mwaka 1948, na mpaka leo ndiyo dawa ya ganzi ambayo mtu huikuta kwa daktari wa meno na katika chumba cha upasuaji mdogo karibu kila nchi, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kwamba kuondoa uchungu hubadili tiba yenyewe, ushahidi wake ulio wazi umo katika historia ya upasuaji wa saratani ya ngozi huko Marekani. Katika miaka ya 1930 Frederic Mohs, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alibuni njia ya kuikata saratani tabaka kwa tabaka, kila tabaka likichorwa ramani na kutazamwa lote kwa hadubini kabla ya kukata jingine, ili kisu kiifuate mizizi ya maradhi mpaka pale inapokoma na kisiiguse ngozi iliyo salama. Mwanzoni aliigandisha nyama hapo hapo mwilini kwa lihamu ya kloridi ya zinki, nayo iliunguza na kuuma kwa saa nyingi, na aghalabu tabaka moja lilikuwa kazi ya siku nzima. Mwaka 1953 yeye mwenyewe alijaribu kukata bila lihamu hiyo katika ukope, na katika miaka ya 1970 Theodore Tromovitch na Samuel Stegman wa San Francisco wakaonyesha kwamba njia hiyo isiyo na lihamu, mgonjwa akiwa ametiwa ganzi ya sindano, hutoa matokeo mema. Tangu hapo kazi iliyokuwa ya siku kadhaa ya maumivu ikawa ya siku moja ya kukaa kitini: mgonjwa hukatwa kidogo, hufungwa bendeji, hungoja barazani wakati tabaka lake likitazamwa, kisha huitwa tena ikiwa mizizi ingali imebaki. Mgonjwa asiyeumia amempa tabibu muda wa kufika mpaka mwisho wa maradhi, na muda huo ndio unaookoa pua, kope na masikio ya watu.

Hata hivyo ilibaki sindano yenyewe. Kwa mtu mzima aliye shupavu, mchomo mmoja si kitu. Lakini usoni, kwenye ncha ya pua, kwenye mdomo na kwenye wayo, michomo mitatu minne ya kuzunguka kidonda ni adha ya haki, na kwa mtoto au kwa mtu anayerudi kukatwa kila baada ya miezi kadhaa, ndiyo huwa jambo la kumkimbiza asirudi tena. Swali likawa jinsi ya kulipita lile tabaka gumu la ngozi bila kulitoboa, na jibu lilipatikana Sweden tena, katika miaka ya mwanzo ya 1980. Lidokeini tupu ni chembe ngumu zinazoyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 68, na ndugu yake prilokeini huyeyuka karibu nyuzi 37. Lakini zikichanganywa sawa kwa sawa, kila moja huishusha mwenzake, mchanganyiko ukawa mafuta katika joto la chumbani. Mafuta hayo, yakitiwa katika marhamu, hubeba dawa nyingi kwa sura ile ambayo ngozi huikubali. Kila gramu ya marhamu hiyo ina miligramu 25 za lidokeini na miligramu 25 za prilokeini, na sharti lake kubwa ni moja: ipakwe nene, ifunikwe, na iachwe kwa saa moja isiyopungua.

Tumchukue kwa mfano mama mkulima mwenye ualbino, aliyejaaliwa kufika mapema akiwa na kidonda chenye ukubwa wa punje ya hindi katika shavu mbele ya sikio. Saa tatu asubuhi muuguzi anamkalisha, anapaosha mahali pale na kupakausha, kisha anaikamua marhamu ikakaa nene juu ya ngozi inayokizunguka kidonda, pasipo kuisugua, kwa kuwa inayosuguliwa huwa nyembamba na kukauka. Anaifunika kwa plasta laini isiyopitisha hewa, anazikandamiza kingo zake zisivuje kuelekea jichoni, na juu ya plasta anaandika saa kwa kalamu. "Mama, usiishike wala usiipanguse," anamwambia; "saa nne nitakuja kuitoa mwenyewe." Saa nne plasta inabanduliwa na marhamu inafutwa. Daktari hatazami rangi, kwa sababu weupe ambao dawa hii huuleta hauonekani vizuri katika ngozi nyingi, ama kwa wingi wa rangi ama kwa ukosefu wake, bali anagusa kwa ncha ya sindano pande zote na kuuliza, "Hapa je? Na hapa?" Penye jibu la uchungu, husubiri zaidi.

Ndipo hufuata sindano, iliyo nyembamba kuliko zote zilizo katika sahani. Ndani yake mna lidokeini iliyochanganywa na adrenalini, na tabibu mwenye kujali huongeza bikaboneti ya sodiamu kidogo, sehemu moja kwa tisa au kumi za dawa, kwa maana dawa inayotoka chupani ina asidi, na asidi hiyo ndiyo inayochoma wakati wa kudungwa. Huingiza sindano palipokwisha kufa ganzi, husukuma polepole sana, kwa kuwa dawa inayosukumwa kwa nguvu huipanua nyama ghafla na kuumiza, na kila mchomo unaofuata huanzia katika ngozi ambayo mchomo uliotangulia umekwisha kuinyamazisha. Kisha anaiweka sindano chini, na kwa mara ya pili anangoja, dakika kumi au zaidi, adrenalini ipate kuibana mishipa ya damu. Mwisho anamwelekea mgonjwa na kumwambia, "Mama, utasikia nasukuma na kuvuta, hiyo ni kawaida. Lakini ukisikia ukali wowote, sema, nitaacha na kuongeza dawa." Kisu kinaingia, kinaizunguka punje ile kwa umbo la jani, kinashuka mpaka kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, kipande kinatiwa katika chupa ya maabara baada ya kutiwa uzi wa kuonyesha upande wa juu, na kingo zinashonwa. Kukata na kushona hakukuchukua hata nusu saa. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kungoja, na kungoja huko ndiko kulikoifanya kazi ya kisu iwe nyepesi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini marhamu isitumike peke yake, sindano ikaachwa kabisa. Sababu ni kina. Baada ya saa moja ganzi ya marhamu hushuka kiasi cha milimita 3, na baada ya saa mbili kiasi cha milimita 5, kisha haizidi sana. Na kisu cha saratani, kikifanya kazi yake kwa uaminifu, huenda chini ya hapo. Kwa kukwangua uvimbe ulio juu juu, au kunyoa kipande chembamba cha kupeleka maabara, yamkini marhamu itatosha. Kwa mkato wenye kina haitoshi, na anayemwahidi mgonjwa vinginevyo humtia katika hatari ya kuumia katikati ya kazi. Kazi ya marhamu ni kuitangulia sindano na kuifanya isihisiwe; kazi ya sindano ni kukitangulia kisu.

Wala isidhaniwe kuwa kitu cha kupaka hakina madhara. Mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wanawake wawili vijana kufariki, ambao kila mmoja alijipaka miguuni dawa kali ya ganzi, akajifunga kwa karatasi ya plastiki, kwa ajili ya kuondolewa nywele kwa leza: eneo lilikuwa kubwa, kifuniko kilikuwa kizito, na dawa iliyopita ngozini ilifika kwenye moyo na ubongo. Prilokeini nayo huweza kuigeuza hemoglobini ya damu ikashindwa kubeba hewa ya oksijeni, midomo ikawa na rangi ya buluu na mtu akatweta. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa vitoto vichanga, kwa wanaotumia dawa za salfa au baadhi ya dawa za malaria, na kwa waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huo ni wa kawaida katika nchi zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, pwani yetu ikiwamo, na kwa hiyo swali la kuuliza habari za dawa anazokunywa mgonjwa na maradhi ya ukoo wake lina uzito kwetu kuliko lilivyo kwa wengine. Sindano nayo ina mpaka wake. Lidokeini tupu haizidishwi miligramu 4.5 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, na yenye adrenalini haizidishwi miligramu 7. Mtu wa kilo 60, basi, hawezi kupewa zaidi ya mililita 27 za dawa tupu ya asilimia moja, au mililita 42 za ile yenye adrenalini.

Hesabu hiyo ndiyo inayotufikisha kwenye msiba wa kuchelewa. Mililita 42 hutosha na kubaki kwa punje ya hindi, lakini hazitoshi kwa donda lililokwisha kula shavu lote na nusu ya shingo. Fauka ya hayo, donda la muda mrefu huwa na uvimbe wa moto na usaha, na nyama ya namna hiyo ina asidi, na asidi huibadili dawa ya ganzi ikashindwa kupenya utando wa mshipa. Kwa hiyo aliyeumia zaidi ndiye anayesaidiwa na ganzi kidogo zaidi. Marhamu nayo katika donda lililo wazi hubadili tabia: lile tabaka la kinga halipo tena, dawa huingia kwa nusu saa badala ya saa moja, jambo linalofaa katika kusafisha vidonda vya miguu, lakini huingia pia kwa wingi katika damu, hivyo haiwi ya kupakwa kwa kubahatisha. Aliyeogopa uchungu mdogo wa mwanzo akakaa nyumbani, hujikuta amefika mahali ambapo uchungu umekuwa mgumu kuuondoa, na dawa pekee iliyobaki ni nusu kaputi katika hospitali kubwa, iliyo mbali na nyumbani kwake.

Nchini Tanzania wapo waliolielewa jambo hili kwa vitendo. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi kuna kituo cha kufundisha tiba ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho kimewafunza matabibu wa nchi nyingi za Afrika, na huko ndiko yalikoanza kutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mabaka ya jua ambayo hayajawa saratani huweza kugandishwa kwa naitrojeni iliyo kimiminika kabla hayajaota kidonda. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta yale huiondoa haja ya kisu. Uchunguzi wa mapema huufanya mkato uwe mdogo. Na ganzi njema humfanya aliyekatwa mara moja akubali kuja tena. Hili la mwisho lisisahauliwe, kwa maana ngozi iliyotoa saratani moja aghalabu hutoa nyingine, na mgonjwa wa namna hiyo ataonana na kisu mara nyingi katika maisha yake. Jinsi alivyotendewa siku ya kwanza ndiyo itakayoamua kama atakuja siku ya pili.

Najua kuwa malezi yetu yamesifu uvumilivu wa maumivu, na kwamba mvulana aliyetoka jandoni bila kulia alipewa heshima na wazee wake. Sina neno juu ya heshima hiyo, lakini mahali pake si juu ya meza ya upasuaji. Mgonjwa anayeng'ata meno hukaza misuli, hutokwa na jasho, shinikizo la damu hupanda na jeraha hutoka damu zaidi; mpasuaji naye, akihisi mwili unaruka chini ya mkono wake, hufanya haraka, na katika haraka hukata kidogo kuliko ilivyopasa. Seli zilizoachwa ukingoni kwa ajili ya haraka hiyo hurudi baada ya mwaka mmoja au miwili, zikiwa zimefunikwa na kovu. Kwa hiyo anayesema "bado naumia" hakuvunja adabu wala hakuonyesha woga. Amempa tabibu habari anayoihitaji ili kazi ikamilike, na tabibu mwenye insafu humshukuru, akaweka kisu chini, akaongeza dawa.

Na huo muda unaodaiwa, saa moja ya marhamu na dakika kumi za sindano, utatoka wapi katika kliniki yenye watu baraza nzima? Jawabu lake liko pale pale barazani. Mgonjwa wa upasuaji mdogo katika hospitali zetu hufika alfajiri, huandikisha jina, kisha hukaa benchini saa mbili, tatu, hata nne akingoja kuitwa, na saa hizo zote hupita bure mwilini mwake. Marhamu ikipakwa wakati wa kuandikishwa, na saa ikaandikwa juu ya plasta, foleni yenyewe itaifanya kazi ya kumtia ganzi, na atakapoitwa ngozi yake itakuwa tayari, wala daktari hatapoteza hata dakika moja kwa kuingojea marhamu. Jambo hili halihitaji jengo jipya wala mtambo kutoka ng'ambo. Linahitaji tyubu ya marhamu mezani kwa muuguzi, orodha iliyopangwa tangu jana yake, na imani ya kuwa uchungu wa mtu maskini una uzito ule ule wa uchungu wa tajiri. Hospitali itakayofanya hivyo itaona wagonjwa wake wakirudi kwa siku walizopangiwa, tena wakiwaleta jamaa zao wenye vidonda vingali vidogo. Na saratani ya ngozi ikikutwa ndogo, ni katika saratani ambazo binadamu amejaaliwa kuzishinda kabisa.